Dawa ya Kero ni Kero Nyingine

Siku hizi huwezi kufungua simu bila kukutana na kijana aliyevaa suti ya kubana, anazunguka jukwaani na kipaza sauti shavuni, anakufundisha kuishi. Anasema amka saa kumi alfajiri. Anasema kazi unayoichukia ndiyo uianze kwanza. Halafu anafika kwenye kile kipande kinachopigiwa makofi: waondoe maishani mwako watu wote wanaokuchosha.

Sawa, mwanangu. Nianze na nani? Shangazi? Mwenye nyumba, ambaye kodi yangu ya miezi sita ameshaila? Au mpangaji mwenzangu, ambaye tunachangia naye mita ya umeme, choo, na kamba ya kuanikia nguo? Ukimwondoa shangazi maishani mwako, siku ya msiba wako nani atalia mpaka mtaa wa pili wasikie? Sisi watu wanaotuchosha ndio hao hao watakaotuzika. Huyu mwalimu wa jukwaani inaonekana hajawahi kupanga chumba uswahilini.

Na hizo kazi ninazozichukia, siwezi kuzianza asubuhi. Nikizianza asubuhi nitashinda nimenuna, na kwa mshahara huu kununa kutwa nzima ni anasa. Mnataka orodha? Kusugua sufuria iliyoungulia. Kufua mapazia. Kukusanya pesa za umeme mlango kwa mlango. Kwenda ofisi ya umma kufuatilia karatasi. Kujibu meseji za michango ya harusi. Hizo ndizo kazi ambazo nikizikumbuka tu, mwili unaomba kulala.

Kwa hiyo nina makundi mawili: kazi nisizozitaka na watu nisiowaweza. Kwa muda mrefu nilipambana na kila kundi peke yake, nikashindwa pande zote mbili. Lakini wahenga walishasema dawa ya moto ni moto. Nikaona basi, kwa nini nihangaike katikati? Hizi kero nizikutanishe zenyewe kwa zenyewe, mimi nikae pembeni niangalie nani anamshinda nani.

Tuanze na mjomba.

Mimi ni Mpare wa Same, na mjomba wangu yuko huko huko milimani, analima tangawizi. Mjomba ana simu, ana vifurushi vya dakika ambavyo sijui anavitoa wapi, na ana kesi. Kesi yenyewe ni ya mpaka wa shamba. Watani wetu husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe apate nauli ya kwenda kudai kuku mahakamani. Huo ni uzushi mtupu. Mjomba wangu ameuza mbuzi tu.

Simu ya mjomba inaanza na salamu, na salamu peke yake zinatosha kuivisha ugali.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko? Watoto? Mama yao? Kazi? Mvua zimenyesha? Huku bado."

Halafu anavuta pumzi, nami najua tunaingia shambani. Tutaufuata mpaka wote, jiwe kwa jiwe, mti kwa mti, kuanzia enzi za babu alipompa jirani njia ya kupitishia mbuzi kwa hisani, hadi hisani ikaota mizizi ikajiita haki. Hakuna kuruka jiwe. Ukimwambia "hapo ulishanieleza, mjomba", anarudi mwanzo ili ahakikishe ulielewa.

Zamani nilikuwa namsikiliza nimelala chali, natazama dari, roho inaniuma. Sasa hivi simu ya mjomba ikiita naipokea huku natembea kuelekea kwenye karo. Pale ananisubiri adui mwingine: sufuria ya makande. Makande yakiungulia hayabanduki kwa maji ya moto wala kwa maombi. Naweka simu dirishani, nafungulia sauti, nashika dodoki na majivu. Mjomba akimaliza jiwe moja la mpaka, mimi nimemaliza upande mmoja wa sufuria. Akifika kwenye mti wa mparachichi ambao ndio moyo wa kesi yenyewe, mimi niko chini kabisa, kwenye weusi wenyewe, nasugua kwa hasira ambayo mjomba akiisikia kwenye pumzi zangu anadhani namhurumia.

Na mazungumzo yenyewe hayahitaji mengi kutoka kwangu. Eeh. Kumbe! Ala! Ikawaje? Pole sana, mjomba. Basi, hayo yanatosha saa nzima. Ufundi uko kwenye kuyapanga. "Ala!" iweke pale jirani anapohamisha jiwe usiku, anafurahi mpaka sauti inapanda. "Pole sana" usiiweke anapotaja mashahidi wake, ataona umeshamhukumu. Na "ikawaje?" itumie kwa uangalifu mkubwa, ikiwa tu bado una vyombo.

Leo hii ukoo mzima unasema mimi ndiye kijana pekee wa mjini mwenye subira ya kusikiliza wazee. Nikienda likizo nakatiwa mnofu mzuri. Na sufuria zangu zinang'aa mpaka naweza kunyolea ndevu. Ubaya ni kwamba wiki ambayo mjomba hapigi, vyombo vinalala. Imefika mahali nampigia mimi. "Shikamoo, mjomba. Eti lile jambo la mpaka limefikia wapi?" Akanyamaza kidogo. Nadhani alikuwa anafuta machozi. Mimi nilikuwa nafungulia bomba.

Shangazi naye nimempatia kitengo chake. Shangazi yangu ana kipaji cha ukaguzi. Akiingia chumbani kwako hakai kwanza. Anapitisha kidole juu ya kabati, anakitazama kile kidole, halafu anakutazama wewe. Anainua pazia kwa ncha mbili za vidole. "Hivi hili, mwanangu, lilikuwa jeupe?" Akiondoka unabaki unajiuliza kama kweli ulilelewa.

Sasa mimi kufagia utando wa buibui siwezi. Nina nguvu, nina ufagio, sina sababu. Buibui hajawahi kunidai kitu. Ndipo nikaanza kumtumia shangazi. Chumba kikishakuwa cha aibu namtumia meseji: "Shangazi, Jumapili karibu chai." Nikishaituma tu, meseji hiyo inafanya kazi ambayo walimu wote wa jukwaani hawajaiweza. Ijumaa usiku mapazia yako kwenye beseni. Jumamosi godoro liko juani. Jumapili asubuhi nimepiga magoti nasugua chini ya kitanda, mahali ambapo hakuna binadamu anayefika isipokuwa shangazi. Anakuja, anakagua, anakosa la kusema, anakunywa chai kwa huzuni. Mwisho anasema sukari ni nyingi. Kaondoka na chake, nami nimebaki na chumba kinachonukia sabuni kwa wiki mbili.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapo ndipo dawa yangu ilipofaulu mtihani wa taifa.

Nyumba ninayopanga ina korido moja, milango pande zote mbili, na mita moja ya LUKU. Aliyewahi kupanga hahitaji maelezo zaidi, lakini nitamalizia kwa faida ya waliojenga mapema. Kuna mama anayeuza barafu, ambaye anasema friji lake ni dogo sana, utadhani udogo wa friji ni msamaha. Kuna bwana wa pasi, ananyoosha nguo usiku wa manane akiamini saa hizo mita nayo imelala. Na kuna kijana wa taa moja. Huyu ana taa moja, redio ya betri, na simu anachajia kazini. Kwa hesabu zake yeye hadaiwi kitu. Yeye ndiye anayeidai nyumba.

Kazi ya kukusanya pesa niliangushiwa mimi, kwa kuwa navaa miwani. Unagonga mlango, redio inazimwa. Kandambili ziko nje, feni unaisikia inazunguka, lakini mwenyewe hayupo. Ukimpata, atakuuliza kwa nini mwezi huu uniti zimewahi kuisha, tena kwa jicho la kukutafuta ulikozificha.

Halafu ikaja kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa humo humo kwenye LUKU: ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Kodi ni ya mwenye jengo, ila anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa hiyo mwanzo wa mwezi mnachanga 20,000, mnapata umeme wa pesa pungufu, na mkusanyaji ndiye anayetazamwa mfukoni. Nimewahi kuona ndoa zikivunjika kwa kidogo kuliko hicho.

Kijana wa taa moja ni mbishi wa kuzaliwa. Ukimwambia leo Jumanne, atakuuliza kwa kalenda ya nani. Kila kikao cha umeme alikiua yeye. Basi jioni moja, badala ya kubishana naye, nikamkabidhi daftari. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nyumba hii inahitaji mtu wa haki. Kuanzia leo mkusanyaji ni wewe."

Jamani. Ndani ya muda mfupi alikuwa anajua friji la nani linaunguruma saa ngapi. Alikuwa anatega sikio mlangoni kwa bwana wa pasi, akisikia mvuke tu anagonga: "Kaka, hilo ni shati la ngapi?" Bwana wa pasi siku hizi anavaa fulana. Na ile kodi ya jengo alimwendea mwenye nyumba mwenyewe. Mwenye nyumba, mzee ambaye hajawahi kushindwa na mpangaji tangu aezeke bati, alisimamishwa getini akafundishwa tofauti ya kodi ya pango na kodi ya jengo kuanzia adhana ya magharibi hadi ya isha. Akakubali kuikata kwenye kodi yetu. Nadhani alitaka tu kwenda kuswali.

Sasa zile tarakimu 20 za tokeni anazisoma yeye kwa sauti, nne nne, na hakuna anayemkatiza. Nimemwelewa kijana yule. Mbishi si mtu mbaya; ni mtu aliyekosa mahali pa kubishia.

Ofisi ya umma ni mtihani wa aina yake, kwa sababu pale kazi ya kuogopwa na mtu wa kuogopwa wanakaa dirisha moja. Kuna ofisi ambayo nafuatilia karatasi yangu. Sitaitaja, kwanza kwa heshima, pili karatasi bado iko kwao. Kuna benchi, kuna feni inayogeuza shingo ila haifiki upande wetu, na kuna dada wa dirishani ambaye neno lake ni moja: "Mtandao unasumbua, subirini." Analitamka bila kuinua macho, huku mtandao wa simu yake ukiwa mzima kabisa, maana tunamsikia anacheka.

Benchi lile limenifundisha kwamba Mtanzania haogopi foleni. Anachoogopa ni kuwa peke yake kwenye foleni. Mnakumbuka usajili wa laini za simu kwa alama za vidole? Ulianza Mei 2019, mwisho tukapangiwa 31 Desemba. Miezi yote ile tulikuwa tunawapita wale vijana wa usajili chini ya miavuli yao tukienda kununua vocha. Desemba ilipofika, nchi nzima ikakumbuka kwa pamoja kwamba ina vidole. Kumbe kusajili kunataka namba ya NIDA, nayo ina tarakimu 20, kama tokeni. Tukafurika. Rais Magufuli akatuongezea siku, mpaka 20 Januari 2020. Siku 20 nyingine! Sijui nani alituandikia hii ishirini. Na hizo nazo tulizitumiaje? Wengi tulisubiri tarehe 19.

Walimu wa jukwaani watauita huo uvivu. Mimi nasema ni akili. Kifo cha wengi harusi. Usajili ukiufanya mwenyewe mwezi Juni ni adhabu. Ukiufanya na mtaa mzima Desemba ni tukio. Unapata wa kukushikia nafasi, wa kulalamika naye, wa kukuuzia karanga. Kuna watu walipatana uchumba kwenye foleni zile, sitashangaa.

Ndiyo maana meseji za michango ya harusi sizijibu tena nyumbani. Nyumbani utazijibu kwa huruma ukaumia mfuko, au kwa hasira ukaumia undugu. Nazihifadhi, naenda nazo benchini. Na benchini, wenyewe mnajua, hukosi yule jirani anayesoma simu yako. Shingo imevutwa, macho yamenyooka, wala hajifichi. Zamani nilikuwa naficha kioo kwa kiganja. Sasa namsogezea, nakuza na maandishi.

Mara ya mwisho alikuwa baba mmoja mwenye bahasha ya kaki mapajani. Nikafungua: "Ndugu mpendwa, kamati inakukumbusha kumalizia ahadi yako kabla ya kikao cha Jumamosi." Akaisoma yote, akaguna.

"Singo au dabo?"

"Singo. Elfu 50."

"Hao wana huruma. Wangu singo elfu 70, na bwana harusi simjui. Nilimpa lifti tu."

"Sasa niwajibu nini, mzee wangu?"

Akafikiri, akainamia simu yangu kwa uzito wa mtu anayesaini hati. "Andika: nimepokea, nipo safarini kikazi. Usiandike unarudi lini. Ukitaja siku umekwisha."

Tukaenda hivyo meseji kwa meseji: harusi, sendofu, kicheni pati ambayo sijui mimi mwanaume niliingizwaje, ubarikio, mahafali ya chekechea. Kila moja akaipa hukumu. Ile ya mpwa wangu aliniambia nilipe yote, tena mapema, "maana huyo damu yako". Dirisha lilipofunguka mtandao umerudi, tulikuwa tumeshasafisha kundi zima, na nilikaribia kukasirika kwamba mtandao umerudi haraka.

Lakini kuna mchango mmoja ambao hakuna safari ya kikazi inayouzuia: ule wa kazini. Mweka hazina ni Mchaga, mtani wangu halisi, na meza yake inatazamana na mlango. Huyu hatumi meseji. Anasubiri ofisi ijae, halafu anapaza sauti: "Jamani, msimsumbue Mpare! Hela yake aliifunga kwenye leso ya bibi, bibi akazikwa nayo. Tunasubiri kibali cha kufukua!" Watu wanacheka mpaka mlinzi anachungulia. Nami siwezi kukaa kimya, naheshimu kabila: "Nitatoa, lakini kwanza Mchaga atoke kwenye hiyo hazina tuihesabu. Tangu ashike daftari mabati ya nyumba yake Moshi yanazidi kung'aa!" Natoa pesa, anaandika, tunakwenda kunywa chai.

Hebu tazameni kilichotokea. Nimeitwa bahili hadharani. Nimemwita mwizi hadharani. Deni limelipwa, hesabu zimedaiwa, na hakuna aliyenuniwa. Yule mkufunzi wa jukwaani angehitaji semina ya siku tatu na chakula cha mchana kupata matokeo hayo.

Huo ndio utani wenyewe. Miaka ya 1940 Mwingereza mmoja, Reginald Moreau, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliandika kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika. Kinachonifurahisha ni kwamba mtaalamu huyu fani yake hasa ilikuwa ndege. Namwona yuko msituni anamvizia ndege wake kimya kimya, mara anasikia watu wazima wanatukanana njiani kwa sauti kubwa, halafu wanakumbatiana. Ni nani asingeweka darubini chini?

Wenyewe jambo hilo tulishalijua zamani. Wanyamwezi waliobeba mizigo kutoka bara mpaka Bagamoyo walikuwa na watani njiani, Wazaramo wakiwamo. Mtu una pembe ya ndovu begani, una njaa, unapita kijiji cha watu usiowajua. Hapo ugomvi uko karibu kuliko kisima. Utani ukaufunga mdomo ugomvi. Unatukanwa, unatukana, unapewa maji. Na wako waliowahi kupigana kwa mikuki ambao wajukuu wao leo wanapigana kwa maneno tu, tena msibani.

Msibani ndipo mtani anapoonyesha kwamba wazee wetu hawakuwa watu wa mchezo. Anafika amevaa koti la marehemu, anatembea kwa mwendo wake ule ule wa kuvuta mguu, anadai deni lake mbele ya jeneza, anaweza hata kushuka kaburini akagoma kutoka mpaka alipwe. Wafiwa wanajikuta wanacheka na machozi yako shavuni. Lakini mwangalieni vizuri huyo huyo msumbufu: ndiye aliyeshika jembe kuchimba kaburi, ndiye anayekoroga sufuria kubwa ya wali, ndiye anayehangaikia yale yote ambayo mfiwa hana nguvu nayo. Kazi nzito kuliko zote, na mtu msumbufu kuliko wote, wazee waliwakutanisha makusudi. Mimi na dodoki langu nilidhani nimevumbua kitu.

Dawa hii ina masharti yake, na mfamasia mwaminifu huyasema. La kwanza, usiwakutanishe wasumbufu wawili bila kuweka kazi katikati yao. Kuna jioni mjomba alikuwa dirishani kwa sauti ya juu, kijana wa taa moja akapita kuchota maji, akasikia habari za mpaka. Akaweka ndoo chini. Akachukua upande wa jirani yake mjomba, mtu asiyemjua, kwenye shamba asilowahi kuliona, akaanza kudai kwamba njia ya mbuzi ikishatumika miaka yote hiyo haifungwi hivi hivi. Nikajua leo simu itapasuka. Lakini mjomba alifurahi sijapata kumsikia. Miaka yote hiyo hakuwa amepata mtu wa kumbishia vizuri! Akaomba namba yake. Sasa wanapigiana wenyewe kila jioni, mimi hata salamu sipati, na sufuria zimerudi kuwa nyeusi.

La pili, tofautisheni kero na kesi. Anayekuchosha kwa maneno ni kero, mpangie kazi. Anayekuibia, anayekupiga, bosi anayemfungia binti wa watu mlango wa ofisi, huyo si kero, na wala msimtanie. Huyo anaripotiwa. Kesi inaendeshwa kama kesi, muulizeni mjomba.

Basi nikiwa nimeshajiona bingwa, jioni hii nimekaa barazani, natoa ya moyoni. Nalalamikia kamati. Nalalamikia dada wa dirishani. Nimefika kwa mjomba aliyeniacha kwa ajili ya kijana wa taa moja, sauti yangu imeshapanda, na pembeni yangu mama wa barafu ananisikiliza kwa makini ambayo sijaona popote.

"Eeh," anasema. "Kumbe!"

Nikapata moyo, nikaongeza na habari ya bosi.

"Ala! Ikawaje?"

Nikaeleza ikawaje.

"Pole sana, jirani."

Nikanyamaza ghafla. Maneno hayo nayajua, na mpangilio wake naujua zaidi. Nikageuka kumtazama vizuri. Kigoda, miguu imenyooshwa, ungo mapajani, vidole vinapepeta mchele, mawe upande huu, chuya upande ule. Nikaanza kukumbuka: kila nikitoka barazani kulalamika, huyu mama hutoka na ungo.

Alipoona kimya kimezidi, akainua macho.

"Endelea basi, jirani. Bado kilo moja."